Je, Wajua? Saa Zinazobishana Kuhusu Umri wa Ulimwengu

Je, wajua kwamba kichwa chako kimekula chumvi nyingi kuliko nyayo zako? Mvutano wa dunia huchelewesha wakati, na kadiri kitu kinavyokaribia ardhi ndivyo saa yake inavyokwenda polepole. Mwaka 2010 wanasayansi wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walichukua saa mbili za atomi katika maabara yao mjini Boulder, Colorado, wakainyanyua moja sentimita 33 juu ya nyingine, kisha wakazilinganisha. Ya juu ilikwenda mbio zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo kupita kiasi: mtu akiishi miaka 79, sentimita hizo 33 zinamwongezea takriban sehemu 90 za bilioni ya sekunde. Kwa hiyo anayelala ghorofani hana sababu ya kumwonea wivu wa chini, wala wa chini hana la kumcheka wa juu. Mwaka 2022 kundi la Jun Ye, katika mji huohuo, lilifanya la ajabu zaidi. Liliiona tofauti hiyo ndani ya wingu moja la atomi za strontiamu lenye kimo cha milimita moja tu.

Kwa hesabu hiyohiyo, kitovu cha dunia ni kijana kuliko uso wake. Mwanafizikia mashuhuri Richard Feynman aliwahi kusema kuwa tofauti ni siku moja au mbili, na watu wakaipokea bila kuihakiki kwa kuwa aliyesema ni Feynman. Mwaka 2016 wanafizikia wa Denmark waliketi wakapiga hesabu upya. Si siku, ni miaka: takriban miwili na nusu.

Naanza na saa kwa sababu karibu kila anayekuja na nadharia mbadala ya ulimwengu huanzia hapo. Hoja yake huwa hivi: mvutano unachelewesha saa, ulimwengu nao, tunaambiwa, unatanuka, je, haiwezekani kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba huko kutanuka ni saa zetu tu zinazotuchezea? Swali hilo si la kipuuzi. Limewakosesha usingizi maprofesa wa Oxford, Cambridge, Heidelberg na Christchurch, na wengine bado wanalipigania. Nadharia ninazoziheshimu mimi ni zile zilizotaja mapema ni saa ipi itakayoziumbua.

Je, wajua ni nini hasa kinacholiangusha embe? Isaac Newton alisema ni nguvu inayolivuta. Albert Einstein, katika nadharia aliyoikamilisha Novemba 1915, alisema hakuna kinacholivuta: embe lililokatika kikonyo hufuata njia ambayo saa yake yenyewe itahesabu muda mrefu zaidi kati ya kuondoka na kufika. Chukua jiwe lililorushwa juu na kudakwa baada ya sekunde mbili. Likipanda linaingia mahali ambapo saa huenda haraka, kwa hiyo linajipatia muda wa ziada. Lakini mwendo nao huchelewesha saa, jambo ambalo Einstein alikuwa ameshalionyesha tangu 1905. Likikimbilia juu mno, hasara ya mbio itaimeza faida ya kimo. Njia inayopatanisha faida na hasara hiyo ndiyo ule upinde ambao kila mtoto aliyewahi kurushia maembe mawe anaujua. Kwa vitu vinavyokwenda polepole, mawe na maembe na hata sayari, karibu mvutano wote ni tofauti ya mwendo wa saa kati ya juu na chini. Basi mtu akikuambia amegundua kwamba mvutano ni wakati, mpongeze, kisha mjulishe kuwa amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kuipima tofauti hiyo kulichukua muda. Mwaka 1959 na 1960 Robert Pound na mwanafunzi wake Glen Rebka walitumia mnara wa maabara ya Jefferson katika Chuo Kikuu cha Harvard, uliowapa nafasi ya mita 22.5 kutoka juu hadi chini. Walipitisha humo miale ya gama itokayo kwenye atomi za chuma, wakapima mtikisiko wake ulivyobadilika. Walichokuwa wakikitafuta ni badiliko la sehemu mbili na nusu katika kila sehemu milioni moja za bilioni. Wakalipata.

Oktoba 1971 saa zenyewe zikapanda ndege. Joseph Hafele na Richard Keating walibeba saa nne za atomi za sesiamu wakazunguka nazo dunia kwa ndege za kawaida za abiria, safari moja wakielekea mashariki na nyingine magharibi. Zilipolinganishwa na saa zilizobaki Washington, zilizokwenda mashariki zilikuwa zimepoteza nanosekunde 59, na zilizokwenda magharibi zimepata nanosekunde 273. Kimo cha ndege huharakisha saa pande zote mbili. Lakini arukaye mashariki huungana na mzunguko wa dunia, kasi yake ikaongezeka na saa yake ikapoteza. Arukaye magharibi huukabili mzunguko huo, kwa hiyo faida ya kimo hubaki mkononi na nyingine ikaongezwa juu yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha setilaiti iitwayo NTS-2, iliyorushwa Juni 1977 katika maandalizi ya mfumo wa GPS. Wapo waliokuwa na shaka kama Einstein ana nafasi yoyote katika kazi ya wahandisi. Shaka hiyo haikutatuliwa kwa mjadala. Ndani ya chombo liliwekwa fundo la umeme la kurekebisha mwendo wa saa, likaachwa limezimwa, na kwa siku 20 saa ikaachiwa ijiendee itakavyo. Nadharia ilisema itatangulia saa za ardhini kwa sehemu 446.5 kwa kila trilioni. Ilitangulia kwa sehemu 442.5. Fundo likawashwa. Leo saa za setilaiti za GPS hutengenezwa tangu kiwandani ziende polepole kidogo, kwa sababu huko juu zitapata maikrosekunde 45 kila siku kwa kuwa mbali na mvutano, zipoteze 7 kwa ajili ya mbio zao, zibaki na ziada ya 38. Nuru husafiri zaidi ya kilomita 11 ndani ya maikrosekunde 38. Bila marekebisho hayo, ramani ya simu yako ingeanza kupotoka asubuhi, na kufikia kesho yake ikupeleke wilaya ya jirani.

Je, wajua kwamba chombo kilichofungua njia ya kulitambua shimo jeusi la kwanza kilirushwa kutoka pwani ya Kenya? Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilipaa kutoka kwenye jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilionekana kikimetameta mara kadhaa kwa sekunde, ishara kwamba ni kitu kidogo mno chenye uzito mkubwa mno. Vipimo vya 2021 vinakipa uzito wa jua 21. Karibu na ukingo wake saa ingeonekana kwetu inachelewa, ikizidi kuchelewa, hadi kana kwamba imesita. Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba hilo si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa maoni yangu kisa hiki kingepaswa kuwa katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari kuanzia Lamu hadi Lindi.

Sasa tuingie kwenye kutanuka. Mwaka 1912, katika kituo cha Lowell huko Flagstaff, Arizona, Vesto Slipher alianza kuchambua nuru ya vitu ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ni galaksi, na kadiri orodha yake ilivyorefuka akaona kwamba nuru ya nyingi imevutika kuelekea rangi nyekundu. Mwaka 1927 padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alitumia hesabu za Einstein kueleza sababu: anga lenyewe linatanuka, na nuru iliyo safarini inatanuka pamoja nalo. Einstein alipokutana naye mwaka huohuo alimwambia kuwa hesabu zake hazina kasoro ila fizikia yake inachukiza. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba galaksi iliyo mbali zaidi huenda kasi zaidi, na Einstein, baada ya muda, akanyoosha mikono.

Mwaka huohuo wa 1929 ilizaliwa nadharia mbadala ya kwanza iliyopata wafuasi. Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, mtu mkali mwenye akili nyingi na marafiki wachache, alipendekeza kwamba ulimwengu hautanuki hata kidogo: nuru huchoka njiani. Ikisafiri kwa mamilioni ya miaka inapoteza nguvu kidogo kidogo, na nuru iliyopoteza nguvu ni nyekundu. Wazo hilo ni jepesi kulielewa, ndiyo maana bado linafufuka kila baada ya miaka michache likivaa kanzu mpya.

Lakini liliwekewa mtego mapema. Mwaka 1939 Olin Wilson alisema: tafuteni angani tukio lenye muda maalumu, mlitazame likiwa karibu na likiwa mbali. Nuru ikiwa imechoka tu, tukio la mbali litachukua muda uleule. Anga likiwa linatanuka, mwisho wa tukio utakuwa na safari ndefu kuliko mwanzo wake, na tukio zima litaonekana limerefuka. Saa ya kufanyia kazi hiyo ipo: ni nyota zinazolipuka, supanova za aina ya Ia, ambazo hung'aa kwa takriban wiki tatu kisha hufifia kwa mpangilio unaojulikana. Tatizo lilikuwa kuzipata zilizo mbali vya kutosha. Ilisubiriwa hadi miaka ya 1990. Supanova 1995K ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutoa jibu wazi: ilififia taratibu, kwa kiasi kilekile ambacho kutanuka kunadai. Mwaka 2024 mradi wa Dark Energy Survey, uliotumia darubini iliyo Cerro Tololo nchini Chile, ulitoa hesabu ya supanova 1,504. Kama kutanuka ni kweli tupu, kipimo kilitakiwa kuwa 1. Kama nuru imechoka, 0. Kilitoka 1.003, na shaka ya kitakwimu ya 0.005 kila upande.

Hapo nuru iliyochoka ilipaswa kupumzishwa kwa amani. Ila ilibaki na ngome moja: kwasari, viini vya galaksi vinavyong'aa kutoka mbali kuliko supanova zile. Mwaka 2010 Mike Hawkins wa Edinburgh alichunguza mabadiliko ya mwanga wake na hakuona kuchelewa kwa wakati. Wapinzani wa kutanuka walishangilia. Mwaka 2023 Geraint Lewis wa Sydney na Brendon Brewer wa Auckland walichukua kwasari 190 zilizotazamwa kwa miongo miwili, kwa rangi kadhaa, wakazilinganisha zile za aina moja kwa aina moja. Kuchelewa kulikuwepo. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka bilioni moja, matukio yake tunayaona leo yakienda mara tano polepole zaidi. Ngome ikaanguka.

Je, wajua kwamba kulikuwa na profesa wa Oxford aliyeupa ulimwengu saa mbili? Edward Arthur Milne, katika miaka ya 1930, alidai kwamba saa ya atomi na saa ya mizunguko ya sayari huenda hazihesabu wakati mmoja. Kwa saa ya kwanza ulimwengu una mwanzo na unatanuka. Kwa ya pili umekuwepo siku zote na umetulia. Yupi msema kweli? Wote, akasema Milne. Inategemea umevaa saa gani. Nalipenda wazo hili kwa uzuri wake, ila lilikuwa jepesi mno kukamatwa: saa za atomi na mwendo wa sayari vimelinganishwa kwa miongo mingi na haviachani.

Paul Dirac wa Cambridge alikuwa jasiri zaidi. Mwaka 1937 aliona kwamba namba kadhaa kubwa za fizikia zinakaribiana kwa namna ya kutia shaka, akakisia kwamba mvutano wenyewe unadhoofika kadiri ulimwengu unavyozeeka. Kisio hilo liliweza kushitakiwa mahakamani, na lilishitakiwa. Mwaka 1948 Edward Teller alionyesha kwamba kama zamani mvutano ulikuwa na nguvu zaidi, jua lingekuwa kali mno na bahari za kale zingechemka. Kisha vikaja vile vioo ambavyo wanaanga wa Apollo 11 na wenzao waliviacha mwezini kuanzia 1969. Miale ya leza inayorudishwa na vioo hivyo inatuambia mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 kwa mwaka, sababu ikiwa ni kupwa na kujaa kwa maji ya bahari. Baada ya kuondoa athari hiyo, hakuna kinachobaki cha kumpa Dirac. Mvutano haudhoofiki hata kwa sehemu moja ya trilioni kwa mwaka, ilhali yeye alihitaji makumi ya mara zaidi ya hapo.

Mwaka 2013 Christof Wetterich wa Heidelberg alichapisha andiko lililosema ulimwengu hautanuki: uzito wa kila chembe ndio unaoongezeka. Chembe nzito hutengeneza atomi ndogo zinazotoa nuru ya buluu zaidi, kwa hiyo nuru ya kale, iliyotoka kwenye atomi nyepesi, huonekana nyekundu. Magazeti yalichangamka. Lakini soma vizuri: Wetterich mwenyewe alikuwa wazi kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuutofautisha ulimwengu unaotanuka na rula zinazosinyaa, kwa sababu kila kipimo hulinganisha kitu na rula. Anachofaidika nacho ni picha rahisi zaidi ya kule mwanzoni kabisa, ambako hesabu za kawaida hukwama.

La pembeni, lakini linanikera kwa utamu wake: mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alipendekeza kwamba mvutano hubadili tabia unapokuwa dhaifu kuliko kiwango fulani, ili kueleza kwa nini galaksi huzunguka kasi kuliko maada yake inavyoruhusu. Kiwango hicho ni takriban sehemu 1.2 za bilioni kumi za mita kwa sekunde mraba. Sasa zidisha kasi ya nuru kwa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ugawanye kwa sita. Unapata karibu namba hiyohiyo. Inaweza kuwa sadfa. Baadhi ya nadharia zilizojengwa juu ya wazo hilo zilikufa siku moja, tarehe 17 Agosti 2017, pale mawimbi ya mvutano na miale ya gama kutoka kwenye tukio moja yalipofika duniani yakipishana kwa sekunde 1.7 baada ya safari ya takriban miaka milioni 130. Zilikuwa zimetabiri kwamba viwili hivyo havitakwenda kasi moja.

Tumefika Christchurch, New Zealand, na kwenye nadharia ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kwanza usuli wake. Mwaka 1998 makundi mawili, moja la Saul Perlmutter na jingine la Brian Schmidt na Adam Riess, yaligundua kwamba supanova za mbali ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Wakahitimisha kwamba kutanuka kunaongezeka kasi, na walipata Nobel mwaka 2011. Kinachosukuma kikaitwa nishati ya giza. Inasemekana ni karibu asilimia 70 ya kila kilichopo. Hakuna aliyewahi kuikamata, na jina lake, tukisema ukweli, ni pazia lililofunika swali.

David Wiltshire wa Chuo Kikuu cha Canterbury alisema mwaka 2007 kwamba pengine hakuna kinachosukuma. Modeli ya kawaida huanza kwa kurahisisha: huchukua maada yote na kuisambaza sawasawa, kama uji uliokorogwa ukakosa donge. Zamani hivyo ndivyo ilivyokuwa. Joto la mabaki ya mwanzo wa ulimwengu halitofautiani kwa zaidi ya takriban sehemu moja kwa laki moja. Lakini uji wa leo umejaa madonge. Galaksi zimejipanga kwenye nyuzi na kuta, na katikati kuna mapengo karibu matupu. Pengo la Boötes, lililotangazwa mwaka 1981 na Robert Kirshner na wenzake, lina upana wa takriban miaka ya nuru milioni 330. Mapengo, makubwa kwa madogo, ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya nafasi ya ulimwengu.

Swali la Wiltshire ni hili: umri wa ulimwengu unahesabiwa kwa saa ya nani? Sisi tunaishi ndani ya donge, ambako maada imezuia kutanuka na wakati unakwenda taratibu. Pengoni hakuna cha kuzuia. Kwa hesabu zake, saa iliyo katika galaksi yetu inaweza kuwa polepole kwa takriban asilimia 35 ikilinganishwa na iliyo pengoni, na huko mabilioni ya miaka zaidi yamekwisha kupita. Mapengo yanapozidi kutawala ujazo wa ulimwengu, jambo lililotokea katika nusu ya pili ya historia yake, sisi tunaopima kwa saa ya donge tunaona kutanuka kama kunaongeza kasi. Hakuna kani mpya. Hakuna nishati ya giza. Mvutano, kuchelewa kwa saa na kutanuka vimefungwa fundo moja, na vyote vinatoka katika milinganyo ileile ya Einstein ya 1915, bila kuongeza hata herufi.

Desemba 2024 kundi lake lilichapisha uchambuzi wa supanova 1,535 kutoka kwenye hazina iitwayo Pantheon+, likasema modeli yake inaafikiana na data vizuri kuliko ile ya kawaida. Vichwa vya habari vikatangaza kifo cha nishati ya giza. Mapema mno.

Pingamizi la kwanza ni la ukubwa. Mashimo ya mvutano ya galaksi na makundi yake huchelewesha saa kwa sehemu chache tu za laki moja. Asilimia 35 inatoka wapi? Jibu la Wiltshire ni kwamba haitokani na kina cha shimo bali na tofauti ndogo ya upungufu wa mwendo kati ya donge na pengo, takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya mita kwa sekunde mraba, iliyojilimbikiza tangu mwanzo. Msomaji aliyekuwa makini ataona kwamba namba hiyo inakaribiana na ya Milgrom. Na wenye mashaka wanasema mlimbikizo huo umechukuliwa kuwa wakati ilhali haujathibitishwa kuwa ni wakati. Pingamizi la pili ni la hisabati: Stephen Green na Robert Wald wametoa hoja kwamba madonge hayawezi kuathiri kutanuka kwa wastani kwa kiasi cha maana, na mwaka 2015 Thomas Buchert na wenzake, Wiltshire akiwemo, wakajibu kwamba hoja hiyo haigusi swali lililoulizwa. Ugomvi haujaamuliwa. La tatu ndilo zito kwangu: modeli ya kawaida inaeleza kwa pamoja supanova, mabaki ya joto la mwanzo na mpangilio wa galaksi, kwa usahihi wa kutisha, na mshindani wake bado hajafanya kazi zote hizo kwa kiwango hicho.

Hata hivyo nyumba ya modeli ya kawaida nayo ina nyufa. Ukikokotoa kasi ya kutanuka kwa kutumia mabaki ya joto la mwanzo unapata takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megapaseki, kipimo cha umbali kati ya galaksi. Ukitumia supanova na nyota za jirani unapata 73. Pengo hilo limedumu zaidi ya miaka kumi na kila mwaka linazidi kukosa kisingizio. Mradi wa DESI huko Arizona nao, mwaka 2024 na 2025, umetoa dalili kwamba nishati ya giza huenda inabadilika na muda, jambo ambalo namba isiyobadilika ya Einstein, ambayo modeli ya kawaida huichukua kuwa ndiyo nishati hiyo, haikupaswa kufanya.

Je, wajua, basi, kwamba kipimo kinachoweza kuamua kesi hii kilibuniwa Cape Town? Mwaka 2008 Chris Clarkson, Bruce Bassett na Teresa Hui-Ching Lu walionyesha kwamba ukipima kasi ya kutanuka na umbali kwa njia mbili zisizotegemeana, unaweza kuunda kiasi kimoja ambacho katika ulimwengu wa uji laini lazima kiwe kilekile kwa kila enzi, iwe nishati ya giza ipo au haipo. Katika ulimwengu wa Wiltshire kiasi hicho hubadilika kulingana na enzi, kwa mkunjo ambao modeli yake imeuchora mapema. Darubini ya Euclid ya Ulaya, iliyorushwa tarehe 1 Julai 2023 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, imepangiwa miaka sita ya kuchora ramani ya theluthi moja ya anga, na usahihi wake unatosha kuitofautisha mistari hiyo miwili.